Kasha la kawaida, la hatua, la fumbo au la ardhi: uanze na lipi ukiwa chuoni Tunguu?

Jumamosi hakuna mhadhara, bando lipo, na wenzako watatu wamekubali kutoka. Mnafungua ramani ya jiokeshi, mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa (kwa Kiingereza geocaching), na hapo ubishi unaanza. Kuna alama ya kijani, ya njano, ya buluu yenye kiulizo, na nyengine yenye sura ya dunia. Mmoja anataka iliyo karibu, mmoja anataka ngumu, mmoja anauliza kama ndani mna zawadi. Adhuhuri inaadhiniwa bado mko dakhalia.

Nimeukuta ubishi huo mara nyingi, na karibu kila mara watu hupima kwa ugumu. Mimi naona hapa Unguja ugumu ni kipimo kidogo. Kikubwa ni nani atakuona unapotafuta, na utamjibu nini.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kasha, yaani kopo lenye daftari dogo, anatangaza latitudo na longitudo za mahali pale, wengine wanalitafuta kwa GPS ya simu, wanaandika jina na tarehe, kisha wanalirudisha lilipokuwa. Ulianza Mei 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Marekani iliacha kuipotosha makusudi ishara ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na siku iliyofuata, tarehe 3, Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, ili aone kama watu wataipata kwa namba tu. Ndani ya ndoo mlikuwa na kopo la maharage. Leo chakula hakiruhusiwi kabisa ndani ya kasha, na aliyewahi kuacha biskuti juu ya meza mahali penye sisimizi na kima hahitaji kuelezwa sababu. Neno lenyewe, jiokeshi, ukilitamka haraka barazani watu watadhani mnazungumzia fedha, basi tayarisha maelezo.

Aina nne tunazozilinganisha

Kasha la kawaida ndilo la kijani. Namba uliyopewa inakupeleka pale pale lilipo. Kasha la hatua, la njano, linakupeleka mahali pa kwanza, pale unasoma au unahesabu kitu, jibu linakupa namba ya mahali pa pili, na kuendelea mpaka kopo. Kasha la fumbo, lenye kiulizo, alama yake kwenye ramani haiko lilipo kopo: utatue kwanza fumbo nyumbani ndipo upate namba za kweli. Kasha la ardhi, ambalo kwenye programu utaliona kwa jina la EarthCache, halina kopo wala daftari. Unakwenda mahali penye somo la jiolojia, unatazama, unapima, unamtumia mwenye kasha majibu ya maswali yake. Aina hii ilianza 2004 kwa ushirikiano na jumuiya ya wanajiolojia ya Marekani.

Zipo nyengine. Kasha la mtandaoni, lisilo na kopo, ni zuri kwa Mji Mkongwe, lakini uwekaji wa mapya ulisimamishwa 2005, na tangu 2017 ruhusa hutolewa kwa wachache tu. Pia kuna mikutano ya wachezaji, ikiwemo ile ya kuokota taka. Nenda ukiisikia, haina haja ya kulinganishwa.

Nitazipima hizi nne kwa mambo manne: muda na nauli, simu na setilaiti, macho ya watu, halafu mvua, bahari na matunzo. La mwisho linamgusa zaidi anayetaka kuficha kasha lake, lakini hata mtafutaji analilipia, kwa sababu kopo lisilotunzwa ni safari ya bure.

Muda na nauli

Kasha la kawaida linakula muda mchache kuliko yote, iwapo lipo karibu. Baina ya vipindi viwili mtu anaweza kwenda na kurudi. Kasoro yake ni kwamba makopo hayaruhusiwi kukaribiana chini ya mita 161, kwa hiyo eneo moja la chuo halibebi mengi. Ukishayamaliza yaliyo jirani, inabidi upande daladala.

La hatua linataka nusu siku. Ukitoka Tunguu kwenda mjini kufanya la Mji Mkongwe, hesabu nauli ya kwenda na kurudi, kikombe cha kahawa na kashata, na muda wa kupotea vichochoroni, maana utapotea. Lisianzwe saa kumi alasiri. Nimewahi kubaki na hatua moja mkononi Magharibi inaadhiniwa, na baada ya hapo kibao nilichotakiwa kukisoma hakikusomeka tena.

La fumbo muda wake mwingi unaliwa usiku, chumbani, bila nauli. Hilo ni jambo kubwa kwa mwanafunzi aliyeishiwa katikati ya mwezi. Tena kopo lenyewe kwa kawaida haliwi zaidi ya kilomita 3.2 kutoka kwenye alama ya ramani, hivyo fumbo lenye alama Tunguu halitakupeleka Nungwi.

La ardhi ndilo ghali, kwa sababu jiolojia ya kuvutia haikai mlangoni mwa dakhalia. Pwani ya mashariki, mapango ya mawe ya chokaa, msitu wa Jozani wenye maji ya ardhini yaliyo juu: kote huko ni safari ya siku, na penginepo pana kiingilio. Bahati ya anayesoma Tunguu ni kwamba yuko tayari juu ya njia ya kwenda Jozani, Paje na Makunduchi, na hana haja ya kurudi mjini kupanda gari.

Simu na setilaiti

Uwanjani penye mbingu wazi, simu ya kawaida hukuweka ndani ya mita tatu hadi tano. Kwa kasha la kawaida shamba, inatosha: ukifika weka simu mfukoni, tumia macho. Wanaoanza huganda na mshale wa simu, wanauzunguka mti kama waliofungwa kamba, na kopo wanaliruka mguuni.

Mji Mkongwe ni habari nyengine. Vichochoro vya Hurumzi au Kiponda vina kuta ndefu pande zote mbili, ishara inagonga ukuta ndipo ifike kwenye simu, na simu inakuambia uko ndani ya nyumba ya watu, au umeshaingia baharini Forodhani. Kasha la kawaida ndani ya vichochoro hivyo ni mateso. La hatua linafaa zaidi pale, kwa sababu mwekaji mwenye busara hakutegemezi setilaiti. Anakutegemeza macho: hesabu misumari ya shaba ya mlango, soma mwaka juu ya jiwe, tazama saa ya mnara. Ukiwa Jaws Corner penye wacheza bao na kahawa, unachohitaji ni kujua kuhesabu.

Kwa la fumbo, simu si shida. Shida ni tarakimu. Namba hutolewa kwa nyuzi, dakika na sehemu za elfu za dakika. Dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1.85, kwa hiyo sehemu moja ya elfu haifiki mita mbili, na kwetu huku karibu na ikweta longitudo nayo ni karibu vivyo hivyo. Chukua mfano wangu wa kubuni: fumbo linauliza Beit el-Ajaib ilijengwa mwaka gani, na tarakimu tatu za mwisho ndizo sehemu za elfu. Jibu ni 1883, unaandika 883. Ukikosea ukaandika 893 utatafuta mita 18 pembeni, na huenda bado ukalipata kwa bahati. Ukiandika 983 uko mita 185 mbali, kwenye muhogo wa mtu. Kwa sababu hiyo, kosa la fumbo hulijui mpaka umeshachoka. Kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji na unaambiwa jibu. Kasha la fumbo halipokei mji.

La ardhi linataka simu kwa picha na kuandika majibu tu. Betri ndogo inatosha.

Kwa aina zote nne, pakua ramani mapema. OpenStreetMap kwa Unguja si mbaya hata kidogo, na picha za ndege zisizo na rubani zilizopigwa na Zanzibar Mapping Initiative, kazi ambayo vijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walishiriki, zimesaidia sana. Programu rasmi ya bure haifungui kila kasha. Wenye Android wengi hutumia c:geo, nayo ni bure.

Macho ya watu

Miongozo ya mchezo huu iliyoandikwa kwingine hukwambia utafute kwa siri, asiyecheza asikuone. Hapa kwetu ushauri huo nusu yake haufanyi kazi. Mtu aliyeinama chini ya mwembe dakika kumi, anainuka, anatazama simu, anainama tena, hawezi kupita bila kuamkiwa. Na ukishaamkiwa utaulizwa.

"Mwanangu, umepoteza nini?"

"Shikamoo baba. Sijapoteza kitu, natafuta kikopo, ni mchezo wa chuoni."

"Kikopo cha nani?"

Hapo ndipo wengi hubabaika, na kubabaika ndiko kunakoleta neno.

Nikupe kisa. Mwaka wangu wa pili tulifanya mazoezi ya kuficha, bila kutangaza popote, chini ya mkungu mmoja nje ya eneo la chuo. Chupa ndogo, tumeizungushia utepe mweusi, ndani karatasi imekunjwa yenye majina yetu sita. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa akiokota kuni akaiona. Hakuifungua. Akamwita jirani, jirani akamwita mwengine, na alasiri ile tukaitwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Fikiri mwenyewe: karatasi yenye majina ya watu, imefungwa kwenye chupa nyeusi, imetiwa chini ya mti mkubwa. Sisi tuliona mchezo. Wao waliona mtu amefanyiwa kitu. Sheha alitusikiliza, akacheka mwishoni, lakini bi mkubwa yule hakucheka, na mimi simlaumu.

Basi tuzilinganishe kwa jicho hilo. Kasha la kawaida ndilo linalokuweka wazi zaidi, kwa sababu kazi yote ni kupekua mahali pamoja. Linafaa mahali ambapo kupekua kuna maelezo mepesi, kama eneo la chuo ambako ofisi imetoa ruhusa na walinzi wameambiwa. Liandikwe nje kwa Kiswahili ni nini na limewekwa na nani. Lisiwe karibu na msikiti, makaburi, kituo cha polisi, bandari wala jengo la serikali, na lisiwe kwenye mbuyu au pango ambalo watu huacha ubani na vitambaa. Pango kama hilo lina wenyewe.

La hatua linakuficha vizuri kuliko yote mjini. Unasimama mbele ya mlango, unatazama juu, unaandika, unakwenda. Kila mgeni Mji Mkongwe hufanya hivyo na hakuna anayeshangaa. Ila ukiwa mwenyeji, wazee wa barazani watakuuliza unaandika nini, na mara nyingi watakupa historia ya nyumba nzima bure. Mimi hilo nalihesabu faida. Hatua ya mwisho, yenye kopo, ndiyo ya kuangalia: ikiwa mwekaji amelitia kwenye ukuta wa nyumba inayokaliwa bila idhini, acha, rudi zako.

La fumbo linafanana na la kawaida ukishafika, isipokuwa unafika umejiandaa na kwa kawaida hujaja na kundi la watu kumi. La ardhi halina mashaka hata kidogo. Hupekui, hufichi. Mtu akikuuliza, unamwambia unatazama mawe, na kama mahali penyewe ni ufukweni Jambiani, kina mama wa mwani watakuonesha yaliyo mazuri zaidi.

Mvua, bahari na matunzo

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo mtihani wa kopo. Daftari likirowa mara moja limekwisha. Kopo la kusokota lenye mpira mfunikoni linavumilia. Kikopo cha dawa hakivumilii. Kwingine watu hutia daftari ndani ya mfuko wa plastiki, lakini sisi mifuko hiyo tumeikataza, kwa hiyo nunua kopo zuri tangu mwanzo. Kuzika chini hakuruhusiwi bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi, hata kama udongo ni laini.

Mwenye kasha la kawaida au la fumbo lazima aweze kulitembelea. Kama kwenu ni Micheweni na likizo yote uko Pemba, tafuta mwenzako wa Tunguu alishughulikie. La hatua lina mzigo wa ziada: kibao kikiondolewa au mlango ukipakwa rangi, safari nzima inakatika katikati, na Mji Mkongwe hukarabatiwa kila leo. Anayeweka la hatua awe mpita njia wa huko.

La ardhi halina cha kurowa. Linalolitawala ni bahari. Yale mawe ya matumbawe yaliyoliwa chini na mawimbi yakawa kama uyoga, ambayo ni somo zuri la namna bahari inavyokata ufukwe, unayafikia maji yakipwa. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita nne, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Ukipanga safari kwa saa za wiki iliyopita utakuta mawe yako yamezama. Muulize mvuvi, au tazama jedwali la maji. Wakati wa maji mafu bahari haipwi sana, basi maswali mengine hutayajibu.

Kwa hali yako wewe

Ukiwa hujawahi kupata hata moja, na una saa mbili, chukua la kawaida lenye alama za chini. Kila kasha hupewa alama mbili, ya ugumu na ya njia, kutoka 1 hadi 5 kwa nusu nusu. Anza na 1.5 kwa 1.5. Nenda na mwenzako mmoja, wasiwe sita.

Kama mna mgeni kutoka bara au nje, au darasa la utalii linataka mazoezi ya kuongoza watu, la hatua mjini halina mpinzani. Litaanza asubuhi, lipite Darajani na Mkunazini, na liishe Forodhani jioni watu wakitandika meza za chakula.

Huna nauli, lakini unapenda hesabu au historia: la fumbo. Tatueni wawili, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe tarakimu kabla hamjavaa viatu. Kwa mtu asiye na subira simshauri.

Wanafunzi wa jiografia na wa mazingira, na walimu wa skuli wanaotaka kutoka na watoto, watafute la ardhi. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuelewa kwa nini maeneo ya uwanda, yaani ya mawe ya matumbawe, hayana udongo wa kutosha kulima kama upande wa magharibi, akishalishika jiwe lenyewe. Hesabuni gari na maji ya kunywa kwanza.

Wale wa tawi la chuo la Mchangamdogo, Pemba, mizani yao ni tofauti kidogo. Vilima na mikarafuu iliyofungana huipunguzia simu uhakika, mita tano zinakuwa kumi na tano, na shamba la mikarafuu lina mwenyewe na lina msimu. Kwao la kawaida liwe pembeni mwa njia, mahali pa wazi. La fumbo linafaa sana.

Na anayetaka kuficha, wala si kutafuta, asianze na kopo. Aanze na sheha. Aende na kopo mkononi, alifungue mbele yake, amuoneshe daftari likiwa tupu, na amwombe awe wa kwanza kuandika jina.